Muguka unaingia pale madrasa inapoishia

Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, jani la kutafuna linalochangamsha, katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mashehe na wachungaji wa Pwani ambao kwa mengi hawakubaliani walijikuta upande mmoja. Upande wa pili walisimama wakulima wa Embu, linakolimwa jani hilo. Hazikupita siku nyingi, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo, na Rais William Ruto akasema amri ya kaunti haiwezi kuipiku sheria ya taifa, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Tangu hapo mjadala umekwama palepale: nani ana mamlaka, Nairobi au Mombasa, na nani asikilizwe, mkulima au mzazi. Kila unapofufuka, viongozi wa dini huitwa mbele ya kamera watoe tamko kali zaidi kuliko lile la mwanzo.

Tunawaita kwa kazi isiyo yao, na kazi iliyo yao tumeiacha bila mtu. Dini inamkinga kijana na vileo. Ushahidi wa hilo upo na nitauonyesha. Lakini haimkingi kwa tamko. Inamkinga kwa ratiba yake ya wiki, kwa watu wazima wanaomjua kwa jina na wanaoona asipokuja, na kwa marafiki anaowapata humo ndani. Vitu hivyo vitatu mtoto wa Pwani huvipoteza, mara nyingi, baina ya miaka 12 na 15, naye hajatia jani hata moja mdomoni. Anapokuja kulitia, msikiti au kanisa lilishamuaga kitambo, tena kwa sherehe na pilau.

Ili kuona hilo linatokeaje, tuanze na jani lenyewe. Muguka ni jamaa ya miraa, ila hukuzwa zaidi Mbeere, kaunti ya Embu, na kinachotafunwa ni majani machanga, si vijiti. Bei yake ni ya chini kuliko miraa, na hiyo bei ndiyo iliyoufikisha kwenye mfuko wa mwanafunzi. Kilichomo ni kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, ambayo huanza kupungua nguvu tangu jani linapochumwa na kunyauka. Ndiyo maana magari ya muguka hukimbizwa usiku kucha yawahi mjini, na ndiyo maana muuzaji huyafunga majani ndani ya nailoni yasipigwe na upepo. Mtafunaji hujaza shavu kidogo kidogo, anachanganya na njugu au bigijii kuua uchungu, anameza maji yake, anaongeza. Handasi, yaani ule msisimko wake, haiji kwa pigo moja kama moshi wa bangi. Hujenga polepole, na damuni kathinoni hufika kilele baada ya saa moja na nusu hadi saa tatu. Maana yake ni kwamba muguka hauliwi kwa kujificha chooni dakika tano. Unahitaji kiti, watu wa kupiga nao soga, na alasiri nzima isiyo na mwenyewe.

Na alasiri hiyo tunaijua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa za swala hazisogei sana mwaka mzima: alasiri kati ya saa tisa na saa kumi, magharibi baada kidogo ya saa kumi na mbili, isha kabla ya saa mbili. Saa hizo nne ndizo saa za chuo, yaani madrasa, tangu enzi za mababu. Mtoto hutoka shule, hula, huvaa kanzu au buibui, huingia madrasa. Huko maalimu anajua kwamba Juzuu ya Amma, ile ya mwisho ya Qurani, imemshinda, anajua mama yake ni nani, na asipokuja siku mbili anatumiwa mtu. Kisha mtoto anahitimu, au anaingia sekondari na masomo ya ziada yanaanza, au sauti inavunjika na kukaa mkeka mmoja na watoto wa miaka 8 kunamtia haya. Jina lake linafutwa daftarini. Kuanzia wiki ile saa nne za kila siku ziko wazi, na mahali pekee panapomkaribisha bila ada wala mtihani ni maskani ya pembeni, kijiwe cha vijana wenzake. Kwa Wakatoliki na Walutheri mlango ni huohuo kwa jina jingine: mafundisho ya kipaimara yana mwalimu, orodha na mahudhurio, lakini baada ya askofu au mchungaji kuweka mikono, orodha inakwisha. Kuna kwaya, ndiyo, lakini kwaya humchukua mwenye sauti.

Sasa ushahidi. Mwaka 1969 wanasosholojia Travis Hirschi na Rodney Stark walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi wa California yaliyowashtua wengi: mtoto anayekwenda kanisani hakuwa na tofauti ya maana na asiyekwenda katika uhalifu wa utotoni. Waliokuwa wakidai dini ni pambo tu walifurahi. Lakini mwaka 1974 Steven Burkett na Mervin White walilirudia swali lilelile kwa kuyatenganisha makosa, na picha ikabadilika. Katika wizi na uharibifu wa mali, dini haikuonekana kufanya kazi kubwa. Katika bia na bangi ilionekana wazi. Maelezo yake yanaingia akilini: wizi unakatazwa na kila mtu, mwenye dini na asiye nayo, kwa hiyo dini haina la kuongeza, lakini kwa pombe na bangi jamii inababaika, na hapo ndipo sauti ya dini huleta tofauti. Mwaka 1982 Stark mwenyewe, pamoja na wenzake, aliongeza jambo la pili: imani ya kijana hufanya kazi pale wanaomzunguka wanapoishiriki. Kijana mcha Mungu kati ya wenzake wasiojali ni mshumaa kwenye upepo. Tafiti nyingi zilizofuata zimekwenda mkondo huo, na kwa wastani vijana wanaoshika dini hutumia vileo kidogo kuliko wenzao.

Wapo wanaolipinga hilo kwa hoja nzito, na hawastahili kupuuzwa. Wanasema mtoto anayehudhuria ibada kila wiki aghalabu ni mtoto wa wazazi wanaofuatilia, na wazazi hao wangemlinda hata bila msikiti. Wanasema pia kwamba kijana akishaanza kutumia, jambo la kwanza kuacha ni ibada. Kwa hiyo ukiwapima wahudhuriaji unawapima waliobaki baada ya wengine kukimbia. Yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu takwimu za wahudhuriaji hazipaswi kutumiwa na mhubiri yeyote kujipigia makofi. Lakini hoja zote mbili zinatuelekeza mahali pamoja. Kama kinga iko kwa mtu mzima anayefuatilia, swali kwa msikiti na kanisa ni kama nao wanafuatilia. Na kama kijana huacha ibada anapoanza, basi kutoonekana kwake ni dalili ya mapema, na taasisi ya dini ndiyo iliyo mahali pazuri pa kuiona, kama tu ina orodha ya kuangalia.

Matokeo ya Burkett na White yanaeleza pia kwa nini ni muguka, na si bia, uliopenya nyumba za Waislamu wa Pwani. Kuhusu pombe nyumba hizo hazibabaiki. Kijana wa Kibokoni, Mombasa, akirudi ananuka bia, bibi, mjomba na jirani wote wana msimamo mmoja na haueleweki vingine. Kuhusu miraa na ndugu yake, msimamo huo haujawahi kuwepo. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa Pwani, yamelijadili jani hili kwa karne nyingi. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya 16 aliyeishi Makka, aliliandikia risala nzima, akashauri watu wajiepushe nalo bila kutamka uharamu wa moja kwa moja. Wengine waliharamisha, wengine waliruhusu. Utata huo wa kielimu unaweza kubebwa na mtu mzima aliyesoma. Mtoto wa miaka 14 haubebi; yeye husoma mashavu. Akimwona mwalimu wake wa zamani ametuna shavu harusini, fatwa amekwisha kuipata. Ndiyo maana tamko jipya, hata likiwa kali namna gani, halifiki. Kinachofika ni kamati ya msikiti kukubaliana jambo dogo linaloonekana: anayetafuna hafundishi vijana, na kibaraza cha msikiti si mahali pa kutafunia. Kwa hilo hakuna haja ya kumaliza khitilafu za wanachuoni. Hadithi ya kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake mna mambo yenye utata ambayo mwenye kuyaepuka ameilinda dini yake, inatosha.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema wazee wetu walitafuna, wakasali, wakalea, na hawakuharibika. Inasemwa kwa ujasiri na inakubaliwa kwa uvivu. Mzee wa zamani alitafuna miraa iliyokuwa ghali, siku ya harusi au usiku wa maulidi, akiwa na miaka 40, ana duka la kufungua asubuhi na mke wa kumuuliza. Mwanafunzi anatafuna jani la bei ya chini, siku tano au sita kwa wiki, ubongo wake ukiwa bado unajengwa, kazi inayoendelea hadi kwenye miaka 25. Kathinoni humwondolea njaa, kwa hiyo chakula cha jioni hakiliki. Humwondolea usingizi, kwa hiyo saa nane za usiku macho makavu, mawazo yanakimbia. Ili alale anatafuta cha kumshusha, na cha kumshusha kilicho karibu ni bangi, pombe ya kienyeji au vidonge vya usingizi ambavyo Mombasa huitwa bugizi. Hapo ndipo muguka huacha kuwa jani. Alfajiri haamki, saa mbili darasani amesinzia, alasiri anahitaji jani tena ili awe mtu. Kuulinganisha mzunguko huo na mzee wa harusi ni kulinganisha moto wa kupikia na moto wa paa.

Kuna wanaouliza: kwa nini tuhangaike na dini wakati Iceland imefaulu bila hiyo? Ni swali zuri. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walilewa katika siku 30 zilizotangulia. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Uvutaji sigara wa kila siku ulishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Hawakuhubiri. Walifanya nini? Waliweka saa za kurudi nyumbani, kwa miaka 13 hadi 16 saa nne usiku wakati wa baridi. Wazazi walitia saini makubaliano ya pamoja ili asiwepo mmoja anayelegeza. Manispaa zililipia michezo na muziki baada ya shule, chini ya makocha waliofunzwa. Soma orodha hiyo tena taratibu: saa, watu wazima waliokubaliana, shughuli yenye mwalimu. Ni chuo cha alasiri, kimeendeshwa na serikali tajiri. Sisi hatuna bajeti ya Iceland, lakini karibu kila mtaa wa Pwani una jengo lenye maji, taa, mkeka na watu wanaoaminika, ambalo kati ya alasiri na isha linabaki karibu tupu. Mkristo anayetaka mfano wa karibu zaidi awatazame Wasabato: klabu yao ya Watafuta Njia huchukua watoto wa miaka 10 hadi 15, kisha kuna ngazi ya Mabalozi kuanzia 16 hadi 21. Hakuna mwaka ambao mtoto anaambiwa umemaliza.

Kinachotakiwa basi si kikubwa, ila kina masharti, na masharti ndiyo yanayosahaulika. Darasa la vijana litenganishwe na la watoto, liwe na siku zake. Tatu kwa wiki zinatosha, mojawapo Jumamosi, kwa kuwa wikendi ndiyo yenye saa nyingi za wazi. Kundi lisizidi vijana 15 kwa mwalimu, kwani zaidi ya hapo mwalimu hamjui kila mmoja. Mwalimu mwenyewe si lazima awe shehe mkubwa. Kijana wa miaka 25 mwenye kazi na tabia njema atasikilizwa zaidi. Wawe watu wazima wawili kila kikao na mlango uwe wazi, sheria isiyo na msamaha, kwa sababu mzazi hatamleta mtoto mahali asipopaamini, na ana haki. Wasichana wapate mwalimu wa kike na saa salama za kurudi. Nao wanatafuna, ila ndani, na ndiyo maana hawaonekani. Nusu ya muda iwe dini, nusu iwe kitu cha mikono au miguu: mpira, hesabu za mtihani, kutengeneza simu. Na daftari la mahudhurio lifunguliwe kila siku. Akikosa mara mbili mfululizo, mtu mmoja aende nyumbani kwao, azungumze naye faragha. Jina lisitajwe kwenye kipaza sauti wala kwenye hotuba ya Ijumaa, hata kwa mafumbo. Mtaa unafumbua mafumbo kwa dakika moja, na kijana aliyeaibishwa msikitini hatarudi msikitini. Atakwenda kule asikoaibishwa.

Yapo mambo mawili yanayofanywa kwa nia njema na huharibu. La kwanza ni mahubiri ya kutisha, picha za mapafu meusi na hadithi za makaburi. La pili, lililozoeleka makanisani na kila Juni 26, siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya, ni kumleta aliyekuwa mtumiaji atoe ushuhuda mbele ya watoto. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu mwaka 2013, vinayataja yote mawili miongoni mwa mbinu zisizoleta matokeo au zinazoleta matokeo mabaya. Si vigumu kuona sababu. Mtoto wa miaka 13 hasikii katika ushuhuda ule miaka iliyopotea. Anasikia kwamba mtu alitumia kila kitu, akaokoka, na leo anapigiwa makofi. Ushuhuda una mahali pake, katika kikundi cha watu wanaoacha, ambako mwenye wiki mbili anahitaji kumwona mwenye miaka miwili.

Na aliyekwisha kuanza? Hapa viongozi wa dini wanahitaji elimu kidogo ya tiba, kwa sababu wazazi huwakimbilia wao kwanza. Anayeacha muguka peke yake kwa kawaida hayuko hatarini kimwili: siku za mwanzo atalala sana, atakula sana, atakuwa mzito na mwenye hasira, pengine na ndoto mbaya. Siku hizo apewe chakula, usingizi na mtu wa kukaa naye jioni. Dua ina nafasi yake hapo. Lakini anayesikia sauti, anayedhani jirani wanamfuata, au anayekesha siku kadhaa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kisomo kifuate. Aliyekuwa akimeza bugizi kila siku asikatishwe ghafla, maana anaweza kupata degedege. Daktari humpunguzia hatua kwa hatua. Na wale wachache waliofika kwenye unga, yaani heroini, wasifungiwe kwenye nyumba ya maombi wiki sita kisha kurudishwa mtaani. Mwili wao huwa umesahau kipimo cha zamani, na kete ileile waliyoizoea huwaua. Kwao kuna methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini, iliyoanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na Kenya mwishoni mwa 2014, na shehe anayemwambia kijana kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi anabeba dhima ya roho.

Hakuna katika haya kinachongoja mahakama. Marufuku yakirudi, yatasaidia kupandisha bei, na bei ni kinga ya kweli kwa mwanafunzi. Tanzania miraa, ambayo huko huitwa mirungi, ni haramu kisheria kwa adhabu kali, na bado hulimwa milimani Same na kukamatwa kila mara. Sheria inapunguza, haimalizi. Lakini kuna mwezi mmoja ambao vijana waliofutwa daftarini hurudi wenyewe, bila kuitwa. Ramadhani safu za nyuma za tarawehe hujaa wavulana wa miaka 14, 15, 16, na imamu akishatoa salamu ya mwisho ya witri wanatoka kwa pamoja. Kutoka hapo hadi daku ni saa saba au nane, baraza zote ziko wazi na muguka umeshashushwa. Kamati ya msikiti ikiweka mtu mmoja mlangoni na daftari, siyo kuwazuia, kuwaandika majina na mtaa tu, itakuwa na darasa zima kabla ya mwandamo wa mwezi, na siku ya kwanza ya masomo inaweza kuwa Jumamosi ya kwanza ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, saa kumi jioni.